Saumu na homoni: Nani anakushikia sukari na maji mpaka Magharibi?



Ndugu msomaji, kila mwezi wa Shaabani unapoandama, swali moja hurudi katika zahanati na vituo vyetu vya afya: "Daktari, na sukari yangu hii, nifunge au nisifunge?" Huyo anayeuliza ni afadhali. Wako wasiouliza kabisa. Wanafunga, kisha wanaletwa baada ya Laasiri wakiwa wamebebwa.

Swali lenyewe halijibiki kwa neno moja. Ili mtu alijibu vizuri, awe tabibu au sheikh, inambidi kwanza ajue mwili wenye afya unafanya nini kuanzia daku mpaka adhana ya Magharibi. Wengi wetu tunadhani kufunga ni suala la tumbo na subira tu. Muda wote huo ubongo uko kazini, unatoa amri kwa tezi zilizo mbali nao, na tezi zinaitikia kwa kumimina homoni katika damu. Kwa mwenye afya amri hizo zinafika na zinatiiwa, naye hana habari kama zimetolewa. Kwa baadhi ya wagonjwa njia hiyo imekatika mahali, na hao ndio ambao makala hii inawahusu zaidi.

Kijiko kimoja cha sukari

Damu ya mtu mzima ni kiasi cha lita 5. Ndani ya damu yote hiyo mna sukari ya gramu 5 hivi, yaani kijiko kimoja cha chai. Mtu asiye na kisukari akipimwa asubuhi kabla hajala huwa kati ya 3.9 na 5.5 kwa kipimo tunachokitumia hospitalini, yaani milimoli kwa lita. Sasa tazama: ubongo peke yake unatumia kiasi cha gramu 120 za sukari kwa siku, sawa na gramu 5 kila saa. Kwa hesabu hiyo kile kijiko kingekwisha ndani ya saa moja, na viungo vingine havijapata kitu. Lakini hapa kwetu mwambao mtu anafunga saa 13 na zaidi, anapakua magunia, anasomesha, anafua, na ukimpima saa 11 jioni sukari yake bado iko mahali pake. Basi ni nani anayekijaza kijiko hicho?

Anayekijaza ni ini. Mtu akila daku, sukari inapanda katika damu na kongosho linatoa homoni ya insulini. Insulini inaiingiza sukari katika misuli na mafuta, na inaliamuru ini liweke akiba. Ini la mtu mzima huweza kuweka akiba ya gramu 100 hivi, kwa sura ya wanga uitwao glaikojeni. Saa chache zikipita na chakula kikishasagwa, insulini inapungua, na kongosho hilo hilo linatoa homoni ya pili, glukagoni, ambayo amri yake ni kinyume cha ile ya kwanza: fungua ghala. Ini linaanza kutoa akiba kidogo kidogo. Akiba ikipungua, ini linatengeneza sukari mpya kutokana na protini na mabaki ya mafuta, na mwili unayeyusha mafuta yake ili misuli itumie hayo na ubongo uachiwe sukari. Saa 13 au 14 ziko ndani ya uwezo wa ghala hilo kwa mtu mwenye afya.

Shika jambo moja hapo, maana tutalirudia: ghala halifunguki vizuri mpaka insulini ipungue.

Ubongo nao haukai kutazama. Chini yake, katikati, kuna sehemu ndogo kama lozi iitwayo haipothalamasi. Sehemu hii inaionja damu inayopita hapo: sukari yake, chumvi yake na joto lake. Sukari ikishuka karibu na 3.8, glukagoni inaongezwa, na ubongo kwa kupitia mishipa ya fahamu unaziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo zimwage adrenalini. Ikifika karibu na 3, mtu mwenyewe anaanza kuhisi. Mikono inatetemeka, jasho la baridi linamtoka, moyo unakwenda mbio, njaa inamshika ghafla. Hiyo ni adrenalini inapiga mbiu ya mgambo. Ikishuka chini ya 2.8, ubongo wenyewe umekosa chakula. Hapo mtu anasema maneno yasiyo na mpangilio, anakuwa mkali bila ya sababu, macho yanaona maruweruwe, na anaweza kushikwa na mtukutiko kama wa kifafa na kupoteza fahamu.

Mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingine hata ile mbiu haisikii tena. Adrenalini yake imechoka kuitika, kwa hiyo anapita moja kwa moja kutoka uzima hadi kuchanganyikiwa, bila ya kutetemeka wala kutoka jasho. Anayemeza dawa za presha za aina ya propranololi naye anaweza kufichwa dalili hizo, hasa moyo kwenda mbio na kutetemeka. Watu hawa wawili wasiambiwe "ukijisikia vibaya utafungua", kwa sababu huenda wasijisikie.

Boya la tangi

Neno "homoni" lilianza kutumika mwaka 1905, na aliyelitoa ni Ernest Starling wa London. Miaka 3 kabla ya hapo, yeye na William Bayliss walikuwa wamegundua kwamba utumbo unaweza kuliamuru kongosho kwa kupitia damu, bila ya mshipa wa fahamu. Mwaka 1926 Walter Cannon wa Marekani akaupa jina utaratibu wa mwili kujishikia mizani yake, akauita homeostasisi. Wako ndugu zetu wanaopenda kusema kwamba yote haya yalikwishaandikwa na Ibn Sina. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika sana juu ya mizani ya mwili, na kitabu chake cha Al-Qanun kilisomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa. Hilo halina ubishi. Lakini mizani aliyoizungumza yeye ni ya zile rutuba nne za tiba ya zamani, na homoni hakuzijua. Heshima yake inamtosha bila ya kuongezewa.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuufahamu kwa mwenye tangi la maji nyumbani. Ndani ya tangi mna boya. Maji yakipungua boya linashuka na bomba linafunguka. Yakijaa, boya linanyanyuka na kuliziba bomba. Ndivyo kichwa na tezi vinavyokwenda. Haipothalamasi inapeleka amri kwa tezi ya pituitari, inayoning'inia chini yake, ndogo kama punje ya njegere, uzito wake nusu gramu hivi. Pituitari nayo inaiamuru tezi ya shingo, au tezi za juu ya figo, au viungo vya uzazi. Tezi hizo zikishamwaga homoni ya kutosha, homoni hiyo inarudi na damu mpaka kichwani, na kichwa kikiona imejaa kinasitisha amri.

Katika saumu inayohitajika zaidi miongoni mwa homoni hizo za amri ni kortisoli, itokayo katika tezi za juu ya figo. Hiyo ndiyo inayolisaidia ini kutengeneza sukari mpya na kuizuia presha isianguke. Kwa kawaida inapanda sana karibu na alfajiri na inakuwa chini kabisa karibu na usiku wa manane. Tutaikuta tena mbele.

Kiu na rangi ya mkojo

Ramadhani ya mwaka 2024 na ya 2025 ziliangukia Machi, na aliyefunga Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja miezi hiyo anajua joto lake. Watu walilalamikia kiu kuliko njaa. Njaa ina tabia yake: homoni ya grelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, inatoka tumboni kwa kufuata saa ulizozoea kula, kisha inashuka hata kama hujala. Ndiyo maana ile njaa ya saa nne asubuhi, saa ya chai, inakuuma siku za mwanzo kisha inapita. Kiu haipiti namna hiyo.

Figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kwa siku, na karibu yote hurudishwa katika damu. Kinachotoka kuwa mkojo ni lita 1 au 2. Anayeamua kiasi gani kirudi ni ubongo. Damu ikizidi ukali wa chumvi kwa asilimia 1 au 2 tu, haipothalamasi inaitambua, na kupitia nyuma ya pituitari inaachia homoni iitwayo vasopresini. Figo zikiipokea zinabana maji. Mkojo unakuwa mchache na wa rangi ya chai, na hiyo kwa mwenye afya ni dalili kwamba amri imetiiwa. Wakati huo huo ubongo unakuletea kiu.

Sasa liko jambo wengi wanalifanya. Dakika kumi kabla ya adhana ya Alfajiri mtu anashindilia lita moja na nusu ya maji kwa mpigo, akidhani ameweka akiba. Mwili hauna ghala la maji kama lile la sukari. Damu ikipata maji mengi ghafla, vasopresini inazimwa, na figo zinayamwaga. Kabla ya saa tatu asubuhi sehemu kubwa imekwenda chooni. Maji ni bora yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari, baada ya tarawehe, mpaka daku. Na daku yenye chumvi nyingi, kama papa na achari, inakuletea kiu tangu asubuhi.

Mwenye presha au ugonjwa wa moyo anayemeza vidonge vya kukojoza aelewe kwamba vidonge hivyo vinaziamuru figo kinyume cha vasopresini. Amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama kama saa za kuvimeza zinaweza kusogezwa. Asijisogezee wala kujipunguzia mwenyewe.

Kidonge hakijui kama ni Ramadhani

Tuje kwa mwenye kisukari. Rudi kwenye lile jambo nililosema ulishike: ghala la ini halifunguki vizuri mpaka insulini ipungue. Kwa mtu anayedunga insulini, iliyokwisha kuingia chini ya ngozi hairudishwi. Kwa anayemeza glibenklamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Daonil, kidonge kinalilazimisha kongosho litoe insulini, sukari iwe juu au iwe chini, na nguvu yake hukaa mpaka saa 24. Ubongo unaweza kupiga kelele zote, lakini insulini imekalia mlango wa ghala.

Katika zahanati moja niliyokuwa nikifanya kazi, siku moja ya Ramadhani baada ya Laasiri, vijana watatu walimleta baba yao kwa bajaji. "Daktari, mzee kapandisha," akasema mkubwa wao. Tangu Adhuhuri mzee alikuwa akitukana watu, yeye ambaye mtaa mzima haukuwahi kumsikia tusi, na kanzu yake ilikuwa imelowa jasho. Walikwishamwita ustadhi, akamsomea kwa muda wa saa nzima. Nilipotoboa kidole, sukari ilikuwa 1.9. Alfajiri alikuwa amemeza vidonge vyake viwili vya glibenklamaidi, na daku yake ilikuwa chai ya rangi na kipande cha mkate.

Tulimpa sukari ya mshipani, na haikupita muda mrefu akafumbua macho. La kwanza aliuliza saa. Alipoambiwa ni saa 11 na Magharibi bado, machozi yakamtoka. "Mwanangu, mmenifungulisha?" Nikamwambia, "Shikamoo baba. Mola wako alikwishakuruhusu kula tangu asubuhi. Leo tungeweza kuwa tunazungumza habari nyingine na wanao." Hakuridhika siku ile, nami nilimwelewa. Mtu aliyefunga miaka hamsini hakubali kwa urahisi kuambiwa kuwa sasa yeye ni katika wenye udhuru.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni kheri, na wala sina la kupinga. Lakini kisomo hakizuiwi na kipimo, na kipimo cha sukari kinachukua chini ya dakika moja. Mwenye kisukari akibadilika maneno au tabia mchana wa Ramadhani, la kwanza ni kidole kitobolewe.

Wala jambo hili si la mtu mmoja mmoja. Utafiti uitwao EPIDIAR, uliofanywa mwaka 2001 katika nchi 13 kwa zaidi ya wagonjwa 12,000 Waislamu wenye kisukari, ulionesha kwamba katika Ramadhani kushuka sana kwa sukari kunakompeleka mgonjwa hospitali kuliongezeka kiasi cha mara 4.7 kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza na mara 7.5 kwa wa aina ya pili. Tena wengi wa wagonjwa hao walikuwa wamefunga.

Wako wengine wanaokimbia hatari hiyo kwa kuingia nyingine. Wanaacha dawa zote mwezi mzima ili wafunge "bila ya matatizo". Kwa kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, huku ni kujitia katika maangamizi. Bila ya insulini mwili unadhani uko katika njaa hata kama umejaa sukari. Ini linazidi kutoa sukari, mafuta yanayeyuka ovyo, asidi inajaa katika damu, na mgonjwa anatapika, anahema kwa nguvu na anazimia. Ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa.

Kwa hiyo ushauri wa wataalamu, ambao Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeutoa mwaka 2016 na kuupitia upya mwaka 2021, ni kwamba mgonjwa amwone daktari wake wiki 6 mpaka 8 kabla, yaani tangu Rajabu. Kuna watakaoambiwa wafunge, kama wengi wanaotibiwa kwa chakula peke yake au kwa metformini na sukari yao imetulia. Kuna watakaobadilishiwa kipimo cha dawa na saa zake, dozi kubwa ihamie kwenye futari. Na kuna watakaoambiwa wasifunge: wengi wa wenye aina ya kwanza, mjamzito anayetumia insulini, mwenye figo zilizoharibika, aliyezimia kwa sukari kushuka katika miezi 3 iliyopita, na yule niliyemtaja ambaye mbiu haisikii tena. Anayefunga, sukari yake ikipimwa na kukutwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, afungue saa ile ile, hata kama muadhini ameshaanza kutawadha.

Hapa ndipo masheikh wanapotusaidia au kutuumiza. Ruhusa ya mgonjwa iko katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, na kila mwanafunzi wa chuo anaijua. Aliye na maradhi ya kupona atalipa siku nyingine; asiyetarajiwa kupona atalisha maskini kwa kila siku. Kuhusu kupima, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha 10 mjini Jeddah mwaka 1997 lilisema kwamba kutolewa damu ya kipimo hakubatilishi saumu, wala sindano ya dawa chini ya ngozi ambayo si ya kulisha mwili. Kwa hiyo mwenye kuogopa kutoboa kidole mchana hana la kuogopea. Na imepokewa katika Abu Daud, kutoka kwa Jabir (r.a), kisa cha mtu aliyepasuka kichwa safarini kisha akapatwa na janaba; wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w) aliwakasirikia sana, akawalaumu kwa kufutu bila ya kuuliza. Sioni tofauti kubwa kati ya wale na anayemwambia mama wa insulini kwamba "Mungu atasaidia, wewe funga tu".

Waliofungiwa bomba

Sasa turudi kwenye boya la tangi, maana wako wagonjwa ambao hata wao hawajui kuwa ni wagonjwa.

Dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, zimetengenezwa kwa mfano wa kortisoli. Kwa mwenye pumu kali au maradhi ya viungo zinaokoa maisha, na anayezitumia kwa amri ya daktari asiziogope. Lakini ukizimeza zaidi ya wiki 3 au 4 mfululizo, kichwa kinaona tangi limejaa. Kinasitisha amri. Tezi za juu ya figo zinakaa bila ya kazi mpaka zinanywea, na kuziamsha tena kunachukua wiki, pengine miezi. Mtu kama huyo akiacha vidonge ghafla mwezi unapoandama, kwa nia njema kabisa ya kufunga, anabaki hana kortisoli ya dukani wala ya mwilini. Presha inaanguka, sukari inashuka, anatapika, tumbo linauma, anazimia. Yeyote anayemeza dawa hizi asiache hata siku moja bila ya daktari, na swali lake la kufunga aliulize mapema. Akipata homa au kutapika, afungue na aende hospitali, maana siku hizo mwili unahitaji kortisoli zaidi ya kawaida.

Huyo wa hospitali angalau ana cheti chake. Linalonitisha zaidi ni wasio na cheti. Mabinti wanauziwa vidonge vya kunenepesha vilivyofungwa katika karatasi bila ya jina, na ndani mara nyingi mna deksamethasoni. Wengine wanapaka mkorogo wenye klobetasoli mwili mzima, asubuhi na usiku, mwaka baada ya mwaka. Nao unapenya ngozi na kufika katika damu. Uso unajaa kama mwezi, mashavu yanang'aa, watu wanasifu. Ndani bomba limefungwa. Mama mwenye binti wa namna hiyo amwambie tabibu ukweli wote, bila ya haya, siku atakapoanguka. Tusipojua tutatibu malaria.

Na kuna mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Pituitari huvimba katika ujauzito, kwa hiyo damu ikipungua ghafla inaweza kufa sehemu yake. Daktari Harold Sheehan aliieleza hali hii mwaka 1937, na katika nchi ambazo wazazi bado wanavuja damu ingalipo. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, baridi inamtesa wakati wenzake wanajipepea, nywele za kwapa zinapukutika, na kila akifunga anaanguka. Ndugu wa mume wanasema katupiwa kitu. Miaka mingi inaweza kupita hivyo, na dawa zake ni vidonge vya bei nafuu vya kumrudishia homoni ambazo kichwa hakiwezi tena kuziamuru. Mama huyo apelekwe hospitali ya mkoa au ya rufaa, na aliyempeleka amweleze daktari habari za uzazi ule hata kama ni wa miaka kumi iliyopita.

Akianguka nyumbani

Kama mgonjwa bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida au juisi. Tende zinafaa, ila sukari yake inachelewa kidogo kuliko ya maji. Subirini dakika 15, mpimeni tena. Kama bado iko chini ya 3.9, rudieni. Ikishapanda ale chakula kamili, wali au mkate na kitu cha protini.

Kama hawezi kumeza au fahamu zimempotea, msimmiminie kitu chochote kinywani, si maji ya sukari, si maji ya zamzam, kwa sababu kitaingia katika mapafu. Mlazeni ubavu na mtafute usafiri. Hospitalini atapewa sukari ya mshipani, na mara nyingi atazinduka haraka na kutaka kurudi nyumbani kufuturu na wanawe. Akiwa amemeza glibenklamaidi msikubali. Ile nguvu ya kidonge bado imo, na sukari inaweza kushuka tena usiku akiwa amelala. Akae wodini apimwe kila baada ya saa chache mpaka kesho yake, na futari yake apelekewe huko huko.